Nabbosa na Jogoo wa Shemeji

"Hajawahi kukataliwa mtu aliyebeba jogoo wangu! Na siku akikataliwa mmoja, mwambieni aje anioe mimi mwenyewe!"

Nabbosa aliyasema maneno haya kwenye vipaza sauti vya kijiji, Jumamosi asubuhi, watu wakiwa bado na tongotongo. Vipaza vyenyewe ni tarumbeta nne za bati zilizofungwa juu ya nguzo ya mkaratusi, moja kila upande, asije mtu akasema hakusikia. Kyabbogo nzima ikasikia. Ng'ombe wakasikia. Wanawake waliokuwa wakimenya matoke walicheka mpaka wakaweka visu chini, na mwenye vipaza, bwana Lutwama, akacheka kuwapita wote, akamwomba arudie. Akarudia.

Lilikuwa tangazo la biashara tu. Nabbosa alifuga majogoo wa shemeji. Kwetu, binti akitambulishwa nyumbani kwao, yaani akileta mchumba, wageni huja na sukari, soda, paja la ng'ombe, kanzu ya baba na busuti za mashangazi, yale magauni marefu ya kufungwa mshipi kiunoni, na mwisho kabisa huja jogoo. Huyo anakabidhiwa kaka wa bibi harusi. Kaka akimpokea, basi tena, dada kaenda. Vingine vyote vinaweza kupungua na watu wakasameheana, lakini jogoo hana mbadala. Lazima awe mzima, kishungi kimesimama, hana kikohozi, na akae ndani ya kapu lake lenye utepe akiwatazama watu kama diwani aliyecheleweshewa chai.

Kuwalea hivyo si kazi ya kila mtu. Nabbosa aliwachagua wangali vifaranga, akawatenga na majike ili wasiharibike tabia, na asubuhi ya sherehe aliwapangusa miguu kwa mafuta ya kupikia. Utepe alifunga mwenyewe, na bei ilikuwa moja, elfu hamsini pamoja na kapu. Watu walikuja kwake kutoka mbali, hata kutoka upande wa pili wa barabara ya Masaka.

Alikuwa na miaka thelathini na minane, mrefu, ana mwendo wa mtu anayekwenda kudai chenji yake. Nyumba alijenga mwenyewe kwenye kipande alichoachiwa na baba. Kwenye kwaya ya parokia aliimba sauti ya pili, na ukimsikia ungedhani ndiyo ya kwanza. Hakuwa ameolewa. Ukimuuliza kwa nini, alikujibu, "Nimeuza majogoo wengi mno. Najua wanakoishia."

Basi huyo ndiye mtu ambaye Lutwama alimpenda, kama kupenda ndilo neno lake.

Lutwama alikuwa mwanamume wa miaka arobaini na kitu, mtanashati, shati limepigwa pasi hadi mikunjo inakata. Wake zake wawili walishaondoka kwa nyakati tofauti na kwa basi moja. Kazi yake ilikuwa kupanda kwenye kibanda chake kabla jua halijatoka, kuwasha mashine, na kuiamsha Kyabbogo: nani kafariki, mbuzi wa nani kapotea, daktari wa mifugo anakuja lini. Ukitaka kuzika watu wakaja, ulipita kwa Lutwama. Kwa hiyo kila mtu alimsalimia vizuri.

Baada ya lile tangazo, alianza kuongeza maneno yake. Mwanzo ilikuwa utani.

"Namsalimia mama wa majogoo. Mama wa majogoo, umelalaje peke yako na baridi hii?"

Tulicheka. Nabbosa mwenyewe alicheka, siku ya kwanza. Siku ya pili alitabasamu. Wiki ya pili alikwenda kibandani, akasimama mlangoni.

"Lutwama, nitoe kwenye tarumbeta zako."

"Nabbosa mpenzi, si unatangazwa bure? Wenzako wanalipa."

"Nikitaka kutangaza nitalipa. Jina langu lisitoke humo nisipolilipia."

"Haya, jina sitalitaja."

Kweli hakulitaja. Kesho yake asubuhi alisema, "Namsalimia yule mwenye kiuno kinachotingisha ndoo ya maji bila kumwaga." Sasa Kyabbogo ina visima viwili na wanawake wengi, lakini hakuna aliyeuliza ni nani. Akaendelea hivyo kila alfajiri, anaeleza hiki, anaeleza kile, mambo ambayo mtu hayasemi mbele ya mamake. Nabbosa alikuwa anaamka, anatia mpunga mbovu kwenye chombo cha vifaranga, na huku kiuno chake kinatangazwa pande nne za dunia. Kuziba masikio hakusaidii kitu. Sauti ile inapita hata kwenye ukuta wa tofali za kuchoma.

Nabbosa akabadili njia ya kwenda kwaya, Lutwama akaanza kumngoja huko. Akawa anamfuata na pikipiki, gia ya kwanza, mwendo wa jeneza, taa imemwangaza mgongo, anapiga honi kidogokidogo. Mara mbili alikuja kugonga dirisha saa za watu kulala, akidai amekuja kuulizia bei ya mayai. Nabbosa hakuuza mayai hata siku moja.

Halafu ikaja Jumapili ya Matawi. Watu wametoka kanisani, kila mmoja na kuti lake mkononi, Nabbosa amevaa busuti ya zambarau. Lutwama akaja nyuma, akashika ncha ya mshipi wake kiunoni, akavuta. Hakuvuta sana. Alivuta kiasi cha fundo kulegea.

"Nilitaka kuona kama umefunga vizuri," akasema, akicheka na wenzake.

Ukifunguliwa mshipi wa busuti hadharani, umevuliwa nguo. Hilo halihitaji kuelezwa kwa mtu yeyote aliyelelewa huku. Nabbosa akaushika mshipi kwa mkono mmoja, kuti kwa mkono mwingine, akaenda nyumbani taratibu. Watu waliomjua waliogopa ule mwendo kuliko matusi.

Jumanne iliyofuata alikuja kijana wa bodaboda kununua jogoo.

"Wa shemeji?" Nabbosa akauliza.

"Wa shemeji. Nimetumwa."

Akamtolea mwekundu mwenye mkia mweusi, mzuri kuliko wote bandani. Akampangusa miguu, akamweka kwenye kapu, akafunga utepe mweupe. "Mwambie bwana harusi hongera," akasema.

Yule bwana harusi alikuwa Lutwama. Jioni hiyohiyo alivaa kanzu na koti, akalibeba lile kapu kwa mikono miwili, akaenda kwa Ssempala, kaka yake Nabbosa. Ssempala ni mtu mwema ambaye tumbo lake lilizaliwa kabla ya akili yake. Alimwona Lutwama mlangoni na jogoo mwenye utepe, akamwambia, "Karibu, karibu, umefanya vema," akampokea. Hakuuliza swali. Mkewe, Nalubowa, aliambiwa awashe jiko.

Alfajiri ya siku iliyofuata vipaza vilinguruma: "Ndugu wananchi, ule utani umekwisha. Shemeji yangu Ssempala amempokea jogoo na amemla. Namsalimia mke wangu mtarajiwa. Mke wangu, vumilia kidogo, ninakuja kukuchukua."

Nabbosa alikuwa anafagia banda. Akaweka ufagio chini, akavaa viatu, akaenda kwa kaka yake kwa miguu, na njiani watu watatu walimpa pongezi.

"Ssempala!"

"Dada, kaa kwanza. Utakunywa chai?"

"Umekula jogoo wa nani?"

"Nilidhani ni zawadi."

"Jogoo anakuja kwenye kapu, amefungwa utepe, amebebwa na mwanamume aliyevaa kanzu siku ya Jumanne. Zawadi ya nini? Ya kufaulu mtihani?"

"Mwezi uliopita nilimsaidia kuezeka kibanda, nikadhani—"

"Ulidhani kwa mdomo au kwa tumbo?"

Nalubowa, mke wa Ssempala, alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko na mwiko mkononi. "Wifi," akasema, "mimi nilimpika tu. Sikuonja hata mchuzi. Alimla peke yake mpaka shingo."

"Najua, wifi," Nabbosa akamjibu. "Najua ndugu yangu."

Sasa lieleweke jambo lililokuwa limesimama mbele ya Nabbosa. Mwanamume anayekusumbua, kijiji kitakuonea huruma. Lakini mwanamume ambaye kaka yako amekula jogoo wake hakusumbui tena; anamfuata mchumba wake. Akigonga dirisha, kagonga dirisha la mkewe. Akivuta mshipi, kavuta mshipi wake. Bila shangazi yao, ambaye kwetu uchumba wote hupitia kwake na alishafariki, hakukuwa na mkubwa wa kusimama na kusema jogoo huyu hakupita njia. Nabbosa alikuwa anaelekea kuolewa akiwa na ufagio mkononi.

Akalipeleka shauri kwenye baraza la kijiji. Tulijaa chini ya turubai la mwenyekiti Ssebunnya, mzee mpole anayependa kila mtu aende nyumbani akiwa amepata kitu. Nabbosa akaja na mkeka wake, akautandika, akapiga magoti kama inavyompasa mwanamke mbele ya wakubwa. Ana kipaji hicho: hupiga magoti kwa heshima zote, kisha hufungua mdomo.

"Mzee, nimekuja kumshtaki mtu huyu aliyeninyima usingizi. Anataja mwili wangu asubuhi kama anatangaza bei ya kahawa. Ananifuata na pikipiki. Amenivuta mshipi mbele ya kanisa. Nimemwambia sitaki, kwa mdomo huu, mara nyingi. Kama ana shida ya masikio, azime hizo tarumbeta kwanza."

Lutwama akasimama, akanyoosha kanzu. Hakujitetea kwa maneno. Akatoa simu yake, akaiweka karibu na kipaza kidogo alichokuja nacho, akabonyeza. Sauti ya Nabbosa ikatoka, safi kabisa: "Hajawahi kukataliwa mtu aliyebeba jogoo wangu! Na siku akikataliwa mmoja, mwambieni aje anioe mimi mwenyewe!"

Turubai lote likalipuka kwa kicheko. Mwenyekiti alicheka mpaka akavua miwani.

"Mzee," Lutwama akasema, "mimi ni mtu wa kufuata matangazo. Nilimbeba jogoo wake. Sikukataliwa. Na ningekataliwa, alisema nije nimwoe. Mlango gani hapo umefungwa?"

Mtu nyuma akapiga kelele, "Nabbosa, umejiuza na risiti umetoa!"

Nabbosa akabaki kwenye magoti yake, akatazama mkeka. Mwenyekiti akafuta machozi, akatafuta njia ya kati, maana ndiyo njia pekee anayoijua.

"Wanangu, tusipelekane mbali. Ssempala atarudisha jogoo kwa Lutwama, jogoo mzima, kwenye kapu, mbele yetu. Lutwama atapokea. Mambo yataisha, kila mtu na njia yake. Si ndivyo watu wanavyomaliza?"

Wengi waliguna kukubali. Hata Ssempala akaguna. Nabbosa akainua uso.

"Hapana, mzee."

"Hapana nini, mwanangu? Si umeshinda?"

"Kurudisha mali ni kuachana. Mwanamke akiondoka, kwao ndio hurudisha. Mkirudisha jogoo kwenye kapu mbele ya baraza, mmeandika kwamba nilikuwa mke wa mtu huyu na nimeachika. Nitaachikaje na mtu ambaye sijamkaribisha hata maji? Sirudishi kitu. Hakuna kilichopokelewa kwa ajili yangu."

Hapo kicheko kilikatika. Kina mama waliokaa mbele wakaanza kutazamana. Mwenyekiti akavaa miwani tena, akasema shauri lina uzito, ataliahirisha ili alitafakari. Kwa kawaida tafakuri ya Ssebunnya huchukua msimu mmoja wa mvua.

"Basi, mzee, niandikie barua ya polisi."

"Polisi? Kwa ajili ya mapenzi?"

"Niandikie tu."

Akaandikiwa, baada ya kuambiwa mhuri umekwisha wino, kisha wino ukapatikana.

Kituoni alimkuta Afande Apio, mwanamke wa kaskazini, mwembamba, mweusi kama chungu cha jikoni, anayeongea Kiswahili cha polisi bila kupepesa macho. Alisoma barua, akaikunja, akamrudishia.

"Hii hukuihitaji, dada. Mlango wa polisi haufunguliwi na mwenyekiti. Ungekuja siku ile ya mshipi, miguu ikiwa bado na vumbi la kanisa. Eleza."

Akaeleza. Apio hakucheka popote, hata kwenye tangazo. Alipofika kwenye jogoo aliuliza swali moja tu: "Wewe mwenyewe, kuna siku ulisema ndiyo?"

"Hakuna."

"Basi jogoo mwache apumzike. Sikiliza, nikueleze, usichague kwa hasira. Mtu kumdhalilisha mwanamke kwa maneno au ishara, kumshika asivyotaka, hilo ni kosa la jinai. Haijalishi ni kanisani, kisimani au sokoni. Si lazima awe bosi wako, wala mume wako. Naweza kumfungulia shtaka leo, akalala ndani. Kesi itakwenda, itarudi, utaitwa mara nyingi, mashahidi watachoka, lakini akipatikana na hatia anaweza kufungwa. Hiyo ni njia moja."

"Sitaki afungwe, afande. Akifungwa mamake atakuja kulia kwenye uzio wangu. Nataka anyamaze. Nataka asubuhi yangu na njia yangu, basi."

"Basi kuna nyingine. Tunakwenda kwa hakimu, unaapa kwamba mtu huyu anakuvunjia amani na unaogopa ataendelea. Hakimu anamwita aeleze kwa nini asitiwe dhamana ya kutunza amani. Akishindwa kueleza, anatia sahihi: mwaka mzima asikukaribie, asikutaje, asikufuate. Anatafuta mdhamini. Akivunja, analipa yeye na mdhamini wake, na anaweza kuingia ndani. Na lile la mshipi ninaliandika hapa, linabaki hapa. Akirudia, ninalo."

"Hiyo."

"Lakini hakimu atataka mtu mwingine aliyeona au kusikia. Unao mashahidi?"

Nabbosa akacheka kwa mara ya kwanza tangu Jumapili ya Matawi. "Afande, nina kijiji kizima. Alitumia tarumbeta nne."

Kumbe kijiji kizima ni sawa na hakuna mtu. Alikwenda kwa mwalimu wa kwaya, mwalimu akamwambia anasafiri. Alikwenda kwa kina mama waliosimama naye siku ya mshipi, wakasema hawakuona vizuri, jua lilikuwa kali. Mmoja alimwambia ukweli, kwa kunong'ona: "Nabbosa, mamangu ni mgonjwa sana. Akifa, nani atamtangaza? Unataka tuzike tukiwa watu wanne?"

Hilo ndilo lililokuwa limefunga midomo. Hakuna aliyempenda Lutwama kiasi hicho. Lakini Kyabbogo mtu anaweza kuishi bila umeme, bila daktari, hata bila mume. Kufa bila kutangazwa hawezi.

Siku mbili kabla ya kwenda kwa hakimu, Nalubowa, yule wifi, alikuja bandani akiwa amefunga kitenge cha safari.

"Nitakwenda mimi."

"Wifi, Ssempala atasema nini?"

"Atasema nini na mdomo uliojaa mifupa? Yule mwanamume alikuja kwangu na kanzu. Nilikuwa jikoni, nilisikia yote. Alimwambia Ssempala, 'Dada yako ni mkaidi, kwa hiyo nimekuja kwako.' Kwa maneno hayohayo. Anajua ulikataa. Na hizo salamu za asubuhi nazisikia kama mtu mwingine. Aliyekula amenyamaza. Mimi sikula. Nitasema."

"Na mamako akifa?"

"Mamangu alishakufa, wifi. Alitangazwa vizuri sana."

Mahakama ni chumba kimoja chenye mabati, kuta za rangi ya maziwa yaliyoganda. Hakimu alikuwa mwanamke wa makamo mwenye mafua, anapenga kamasi, anaandika, anapenga tena. Nabbosa aliapa, akaeleza. Nalubowa akaapa, akaeleza, akaongeza mambo ya jiko ambayo hakuulizwa. Kisha akaitwa Lutwama.

"Unasikia wanayosema. Eleza kwa nini nisikutie dhamana."

"Mheshimiwa, mimi si mhuni. Ni mchumba. Nina ushahidi wa sauti."

Akapewa ruhusa. Sauti ya Nabbosa ikajaa chumba: hajawahi kukataliwa mtu aliyebeba jogoo wangu. Karani akainamisha kichwa. Hakimu alisikiliza mpaka mwisho, akapenga kamasi.

"Hilo ni tangazo la kuku," akasema.

"Lakini, Mheshimiwa, anasema wazi, nije nimwoe—"

"Kiwanda cha sabuni kinasema sabuni yao itaniletea furaha. Sijawahi kuwashtaki. Ulimuuliza mwanamke huyu kama anakutaka?"

"Nilimtangazia."

"Nimeuliza kama ulimuuliza."

"Alikuwa anakataa, Mheshimiwa. Ndiyo maana nikaenda kwa kaka yake."

Kalamu ya hakimu ikasimama hewani. Mimi nadhani hata Lutwama alisikia alichokisema, maana alitazama chini, kwenye ncha za viatu vyake vilivyong'arishwa.

"Kwa hiyo alikataa," hakimu akasema, akiandika polepole. "Na unalijua."

"Kaka yake alipokea jogoo. Kwa mila zetu—"

"Mila zenu nazijua, na mimi nilitambulishwa na jogoo alikuwepo. Lakini nilikuwa nimeshasema ndiyo. Jogoo anakuja nyuma ya neno la mwanamke, hatangulii. Ndoa bila kauli ya anayeolewa hakuna, si kanisani, si msikitini, si kwa mila, si hapa. Kama kaka yake ndiye aliyekubali, mwoe kaka yake."

Chumba kikacheka. Nabbosa hakucheka. Alikuwa ameshika ncha ya mshipi wake, anaukunja na kuukunjua.

Lutwama akatiwa dhamana ya mwaka mmoja. Asimkaribie nyumbani, kanisani wala njiani. Asimpigie simu wala kumtumia mtu. Na asimtaje kwenye vipaza, kwa jina, kwa kiuno, wala kwa ndoo ya maji. Hakimu alilitaja hili la ndoo ya maji kwa kirefu, karani akaliandika. Mdhamini wake alikuwa mwenyekiti Ssebunnya, ambaye, kama kawaida yake, hakuweza kukataa. Tangu siku hiyo mzee huamka kabla ya majogoo, anakaa barazani na kikombe cha chai, anasikiliza kila neno linalotoka kwenye zile tarumbeta, moyo mkononi. Hajawahi kufuatilia habari za mbuzi waliopotea kwa makini kiasi kile.

Kabla hawajatoka, Lutwama alinyoosha mkono.

"Mheshimiwa, na jogoo wangu?"

"Jogoo gani? Kwenye faili hili hakuna jogoo. Kuna mwanamke na amani yake. Kama kuna mtu amekula kuku wako, mdai huyo aliyekula. Hilo baraza la kijiji linaliweza."

Akamdai kweli. Lutwama ni mtu wa kufuata matangazo. Tulijaa tena chini ya turubai, na safari hii mwenyekiti alikuwa amejifunza kuchagua maneno. Akasema hili si shauri la ndoa wala la uchumba. Ni shauri la Ssempala aliyekula kitu cha jirani, kama mtu aliyeingia shamba la mwenzake akang'oa muhogo. Alipe jogoo kwa jogoo, anayelingana na yule. Ssempala akatafuta soko zima, akatafuta na soko la pili. Hakuna aliyelingana na yule.

Asubuhi moja alikuja kwa dada yake, kofia mkononi. Vipaza vilikuwa vinatangaza chanjo ya ng'ombe. Nabbosa alikuwa ameketi kwenye kigoda katikati ya banda, anakunywa chai, vifaranga wanamdonoa vidole vya miguu.

"Dada."

"Karibu."

"Yule mwekundu pale. Amenenepa."

"Amenenepa."

"Si ni ndugu wa yule yule?"

"Mama mmoja, baba mmoja. Kama mimi na wewe."

Ssempala akaizungusha kofia. "Ndiyo nilikuwa nasema, dada. Sisi ni tumbo moja. Mtu hawezi kumtoza ndugu yake kama—"

Nabbosa akasimama, akaingia kati ya kuku, akamkamata yule mwekundu kwa mkono mmoja. Ssempala akatazama pembeni, kwenye vikapu vilivyopangwa na tepe zake.

"Hapana kapu," Nabbosa akasema. "Hapana utepe. Mafuta simpaki." Akachukua kamba ya mgomba, akamfunga jogoo miguu, akamgeuza kichwa chini. "Mning'inize kwenye usukani wa baiskeli, upite naye katikati ya kijiji hivi hivi, kama kuku wa sokoni. Watu waone ni deni lako la chakula."

"Sawa, dada. Na bila kapu bei inapungua?"

"Haipungui."

"Bei gani?"

"Elfu hamsini."